Sura ya Sita: Zuio la Muda na Saa ya Mahakama

Amri ya zuio ni miongoni mwa amri zenye nguvu kubwa anazoweza kutoa jaji au hakimu katika shauri la madai, kwa kuwa humkataza mtu kutumia mali, kuuza nyumba, kuendelea na ujenzi au kutekeleza mkataba, na mara nyingi humkataza kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Mashauri ya madai, yaani yale ambayo mtu mmoja humdai mwingine haki au fidia bila ya kuwapo kosa la jinai, huweza kumalizika kwa zuio la kudumu, ambalo hutolewa katika hukumu baada ya ushahidi wote kupimwa. Sura hii haihusu zuio hilo. Inahusu zuio la muda, ambalo huombwa shauri likiwa bado changa, hutolewa kwa kutegemea hati za kiapo tu, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtoaji wake ameapa kuwa ni ya kweli, na lengo lake ni kuilinda mali au haki inayogombewa ili hukumu itakapotoka isiwe imebaki karatasi isiyo na kitu cha kukamata.

Kanuni zinazoongoza amri hizo zimebadilika sana nchini Tanzania na Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ingawa mabadiliko yenyewe yalikuja vipande vipande, yote yanaelekea upande mmoja: kuhakikisha kwamba zuio lililotolewa kwa muda linabaki kweli kuwa la muda. Watunga kanuni walifanya hivyo kwa kuweka hesabu ya siku na miezi juu ya mamlaka ambayo hapo awali hayakuwa na kikomo. Hoja ya sura hii ni kwamba hatua hiyo ilikuwa ya haki na ya lazima, lakini haijakamilika, kwa sababu saa iliyowekwa inawabana wadaawa, yaani pande zinazoshindana mahakamani, kwa ukali kuliko inavyoibana mahakama yenyewe.

Chimbuko la kanuni

Kanuni za zuio zinazotumika Afrika Mashariki zina asili ya India. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya India ya mwaka 1908 iliambatanishwa na jedwali la kanuni zilizogawanywa katika mafungu yaliyoitwa Amri, na Amri ya XXXIX ndiyo iliyoeleza lini mahakama inaweza kumzuia mtu kwa muda. Sheria hiyo ilitumika Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza, na Bunge lilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai Na. 49 ya mwaka 1966, ambayo leo ni Sura ya 33 ya Sheria za Tanzania, mfumo wa India ulifuatwa kwa karibu sana, isipokuwa fungu la zuio lilihamia Amri ya XXXVII. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1924, na kanuni zake za zamani ziliweka zuio katika Amri ya XXXIX, namba ileile ya India.

Kanuni hizo zilitambua hali mbili kuu. Hali ya kwanza ni pale mali inayobishaniwa inapokuwa katika hatari ya kuharibiwa, kutapanywa, kuhamishiwa kwa mtu mwingine au kuuzwa isivyo halali, au pale mdaiwa anapokusudia kuiondoa mali yake ili mdai akishinda asikute cha kukazia hukumu. Hali ya pili ni pale mdaiwa anapovunja au kutishia kuvunja mkataba, au kumtendea mdai dhara lingine. Katika hali zote mbili zuio liliweza kudumu hadi shauri liamuliwe au hadi mahakama itoe amri nyingine, na kwa kuwa hukumu ingeweza kuchukua miaka mingi, nalo zuio liliweza kuishi miaka hiyohiyo. Adhabu ya kulivunja ilikuwa nzito tangu mwanzo, nayo haijalegezwa: mali ya mkaidi huweza kukamatwa, na yeye mwenyewe huweza kuwekwa katika gereza la madai kwa muda usiozidi miezi sita.

Vigezo vitatu

Kanuni zilieleza ni hali gani inaruhusu zuio, lakini kazi ya kueleza mwombaji anatakiwa kuthibitisha nini ilifanywa na majaji. Kwa Tanzania, msingi uliwekwa mwaka 1969 katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, lililoamuliwa na Jaji Mkuu Telford Georges. Kwa Kenya, rejea kuu ni Giella dhidi ya Cassman Brown, lililoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mashauri hayo mawili yanatofautiana katika maneno lakini yanakubaliana katika kiini, na mpaka leo ni nadra kuona uamuzi wa zuio usiotaja mojawapo.

Kigezo cha kwanza ni kwamba mwombaji awe na madai yenye mashiko, yaani madai ambayo, yakitazamwa katika hatua hiyo ya awali tu, yanaonesha haki inayoelekea kuvunjwa. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilifafanua jambo hili mwaka 2003 katika shauri la Mrao Limited dhidi ya First American Bank of Kenya, ikasema kwa muhtasari kwamba vielelezo vilivyo mbele ya mahakama vinapaswa kuonesha haki ambayo imeingiliwa kiasi cha kumlazimu mpinzani kujieleza. Kigezo cha pili ni hasara isiyofidika: mwombaji aoneshe kwamba asipolindwa atapata hasara ambayo fedha haiwezi kuiponya ipasavyo. Kigezo cha tatu ni kupima usumbufu wa pande zote mbili, ili kujua nani ataumia zaidi, mwombaji akinyimwa zuio au mjibu maombi akizuiwa.

Tofauti ndogo katika kusoma vigezo hivi huzaa matokeo makubwa. Chini ya Giella, usumbufu hupimwa pale tu mahakama inapobaki na shaka baada ya vigezo viwili vya mwanzo, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Nguruman Limited dhidi ya Jan Bonde Nielsen, ilisisitiza kwamba vigezo vyote vitatu ni viunzi vinavyorukwa kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, na anayeshindwa cha kwanza hana haja ya kuendelea. Uingereza ilikwisha kuchukua njia nyingine mwaka 1975 katika shauri la American Cyanamid dhidi ya Ethicon, ambapo mwombaji hulazimika kuonesha tu kwamba kuna suala zito la kuamuliwa, na uzito mkubwa zaidi ukahamia kwenye fidia na mizani ya usumbufu. Mahakama za Afrika Mashariki zimebaki na mlango mwembamba zaidi, na uamuzi huo una hekima yake, kwa sababu mahali ambapo shauri huchukua miaka mingi kufikia hukumu, anayepata zuio kwa urahisi huwa ameshashinda nusu ya shauri bila kuthibitisha chochote.

Saa inawekwa

Ubaya wa zuio lisilo na kikomo haukuwa wa kinadharia. Mtu aliyepata zuio hakuwa na sababu ya kuharakisha shauri lake, kwani kila siku iliyopita ilikuwa ya faida kwake: mkopaji aliendelea kukaa katika nyumba aliyoiweka rehani, mvamizi aliendelea kulima shamba, na mshindani wa kibiashara aliendelea kufungiwa nje ya soko. Maombi ya kuahirisha shauri yalirundikana, na upande uliozuiwa, hata kama haki ilikuwa yake, ulikuta kwamba amri ya muda imegeuka hukumu isiyotamkwa.

Tanzania ilianza kulishughulikia tatizo hili kwa marekebisho ya mwaka 1991, yaliyoigusa Amri ya XXXVII. Kanuni ya tatu ya Amri hiyo sasa inaitaka mahakama itaje muda wa zuio, na muda huo usizidi miezi 6. Mwenye zuio anaweza kuomba aongezewe muda, lakini jumla ya vipindi vyote isizidi mwaka 1, na ili aongezewe sharti aridhishe mahakama kwamba amekuwa akichukua hatua kwa bidii kulimaliza jambo analolilalamikia na kwamba nyongeza hiyo inahitajika kwa masilahi ya haki. Kwa maneno mengine, mzigo umehamishwa: zamani aliyezuiwa ndiye aliyehangaika kuomba zuio liondolewe, na sasa mwenye zuio ndiye anayepaswa kurudi mahakamani kueleza kwa nini liendelee.

Kenya ilichelewa, lakini ilipofika ilibadilisha mengi kwa pamoja. Mwaka 2009 vifungu vya 1A na 1B viliingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, vikitangaza kwamba lengo kuu la sheria hiyo ni utatuzi wa migogoro kwa haki, kwa haraka, kwa uwiano na kwa gharama nafuu, na vikawapa majaji pamoja na wadaawa wajibu wa kulitimiza. Mwaka uliofuata zilitoka Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, ambamo zuio lilihamia Amri ya 40, na kanuni yake ya sita ikasema kwamba iwapo shauri halijaamuliwa ndani ya miezi 12 tangu zuio lilipotolewa, zuio hilo hukoma lenyewe, isipokuwa mahakama iamuru vinginevyo kwa sababu ya kutosha. Hapa ndipo nchi hizi mbili zinapoachana. Kikomo cha Tanzania, kwa jinsi kilivyoandikwa, ni ukuta: mwaka 1 ukiisha hakuna nyongeza. Kikomo cha Kenya ni mlango uliofungwa ambao ufunguo wake umeachwa mikononi mwa jaji.

Kusikilizwa upande mmoja

Hatari kubwa zaidi imo katika amri zinazotolewa baada ya kusikilizwa upande mmoja tu. Msingi wa haki ni kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, lakini yapo mazingira ambayo kumpa mpinzani taarifa ni sawa na kumpa nafasi ya kulitenda lilelile linaloogopwa. Kwa hiyo kanuni zinaruhusu mwombaji kuwasilisha maombi yake pamoja na hati ya dharura, ambayo ni tamko la mwombaji au wakili wake kwamba jambo haliwezi kusubiri. Kanuni ya nne ya Amri ya XXXVII ya Tanzania inaitaka mahakama impe taarifa mjibu maombi kabla ya kutoa zuio, isipokuwa ikionekana kwamba kufanya hivyo kutasababisha ucheleweshaji usiofaa na kuliua kusudio la zuio lenyewe.

Kanuni za Kenya zinaeleza hatua hizi kwa undani zaidi, na mfano wa kubuni unaweza kuonesha zinavyofanya kazi. Mkopaji aliyeweka nyumba yake rehani anapata habari siku ya Jumatatu kwamba dalali ametangaza mnada wa nyumba hiyo siku ya Alhamisi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaitaka benki, baada ya mkopaji kushindwa kulipa, impe kwanza notisi isiyopungua miezi 3, kisha notisi nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na Kanuni za Madalali zinamtaka dalali naye atoe notisi ya siku 45. Mkopaji anaapa kwamba hakupokea hata moja. Siku ya Jumanne jaji anasoma hati yake ya kiapo, anaridhika kwamba kuchelewa kutaliua kusudio la maombi, anaandika sababu zake kama kanuni inavyomtaka, na anasimamisha mnada kwa muda.

Kuanzia hapo saa inaanza kuhesabu. Ndani ya siku 3 tangu amri ilipotolewa, yaani kufikia Ijumaa, mkopaji anapaswa kuwa ameifikishia benki amri hiyo pamoja na maombi na hati ya madai, na asipofanya hivyo zuio linakufa lenyewe bila mtu yeyote kuliombea lifutwe. Amri yenyewe haiwezi kuzidi siku 14, hutolewa mara moja tu, na huweza kuongezwa mara moja, kwa makubaliano ya pande zote au kwa amri ya mahakama, kwa kipindi kisichozidi siku nyingine 14. Maombi yanapaswa kusikilizwa mbele ya pande zote mbili ndani ya siku 60 tangu yalipowasilishwa, isipokuwa mahakama iongeze muda kwa sababu nzuri. Benki inapofika na kitabu cha posta kinachoonesha kwamba notisi zote zilitumwa kwa anwani ileile aliyoiandika mkopaji katika hati ya rehani, sura ya shauri hubadilika papo hapo, na yaliyoonekana Jumanne kuwa madai yenye mashiko huweza kubainika kuwa hayana mguu wa kusimamia.

Ni kwa sababu hiyo sheria inamtaka anayesikilizwa peke yake aweke wazi mambo yote ya msingi, hata yale yanayomuumiza. Wajibu huu ulikaziwa Uingereza mwaka 1917 katika shauri la Binti Mfalme de Polignac dhidi ya Makamishna wa Kodi wa Kensington, na mahakama za Afrika Mashariki zimeufuata: mwombaji aliyeficha jambo huweza kunyang'anywa zuio alilopata, hata kama bila ya kuficha angeweza kulipata kwa haki. Teknolojia nayo imeyaondoa baadhi ya maficho. Marekebisho ya Kanuni za Kenya ya mwaka 2020 yaliruhusu nyaraka za mahakama kufikishwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu, na kuanzia Julai 2020 mahakama za Nairobi zilianza kupokea mashauri kwa njia ya mtandao, hivyo udhuru kwamba siku 3 ni chache mno kumpata mpinzani umepungua nguvu.

Serikali, siku 90 na zuio la Mareva

Mahali palipobaki na ugumu ni pale mpinzani anapokuwa Serikali. Nchini Tanzania, masharti ya Amri ya XXXVII yanakataza zuio la muda kutolewa dhidi ya Serikali na kuiruhusu mahakama itoe badala yake tamko la haki za wadaawa, na Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inamtaka anayekusudia kuishtaki aipe kwanza notisi ya siku 90. Marekebisho yaliyopitishwa na Bunge kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2020 yaliupanua uzio huo, yakaingiza humo serikali za mitaa, wakala za Serikali, mashirika ya umma na kampuni ambazo Serikali ina hisa nyingi zaidi, na yakataka Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika kila shauri la aina hiyo.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mwananchi aliyepewa na halmashauri siku 30 za kubomoa nyumba yake hawezi kufungua shauri kabla siku 90 hazijaisha, na zuio la kawaida chini ya Amri ya XXXVII huhitaji kuwapo kwa shauri mahakamani. Kwa hiyo nyumba yaweza kuwa kifusi miezi 2 kabla ya mlango wa mahakama kufunguka. Mawakili waliliziba pengo hili kwa kuazima zuio la Mareva, lililopata jina lake kutokana na shauri la kampuni ya meli lililoamuliwa Uingereza mwaka 1975. Kule lilibuniwa ili kumzuia mdaiwa asihamishe mali zake kukwepa hukumu, lakini Tanzania limepewa kazi nyingine, ya kulinda hali ilivyo wakati notisi inasubiriwa kuisha. Mahakama Kuu hupata mamlaka hayo katika kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Usimamizi wa Haki na Matumizi ya Sheria, kinachoiruhusu kutumia misingi ya haki ya sheria ya Uingereza iliyokuwapo tarehe 22 Julai 1920 pale sheria za nchi zinapokuwa kimya. Majaji hawajawa na kauli moja kuhusu upana wa zuio hilo, hasa linapoelekezwa kwa Serikali yenyewe, na ulinzi wa nyumba ya mtu haupaswi kutegemea mtazamo wa jaji aliyepangiwa faili.

Kenya ilikumbana na sharti kama hilo na ikalitatua kwa Katiba. Kifungu cha 13A cha sheria yake ya mashauri dhidi ya Serikali kilitaka notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki Serikali, na mwaka 2012, katika shauri la Kenya Bus Service dhidi ya Waziri wa Uchukuzi, Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti hilo linapingana na haki ya kila mtu kuifikia mahakama iliyomo katika ibara ya 48 ya Katiba ya 2010. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 23, inaitambua amri ya kuhifadhi hali, ambayo mahakama huweza kuitoa hata dhidi ya Serikali pale haki za msingi zinapotishiwa.

Saa inayombana nani?

Mabadiliko haya yakitazamwa kwa pamoja, faida yake haina ubishi: mwenye zuio hawezi tena kulala, na aliyezuiwa anajua tarehe ambayo anaweza kuhoji. Hata hivyo mdai mwenye bidii, aliyewasilisha nyaraka zake zote kwa wakati na kufika kila alipoitwa, huweza kupoteza ulinzi wake kwa sababu jaji amehamishwa kituo, au faili limerudi kwa msajili kupangiwa jaji mwingine, au tarehe ya karibu iliyopatikana ni ya mwaka ujao. Kwa Kenya anaweza kulieleza hilo kuwa sababu ya kutosha, mradi aombe kabla miezi 12 haijaisha. Kwa Tanzania, mwaka 1 ukishatimia, bidii yake haimsaidii chini ya kanuni hiyo. Adhabu ya kuchelewa inamwangukia asiyechelewa, na mpinzani wake anapata sababu mpya ya kuvuta miguu, kwa kuwa sasa yeye ndiye anayenufaika na kila ahirisho.

Dawa ya jambo hili haiko mbali, kwani mfano wake umo ndani ya Amri ya 40 yenyewe. Kanuni ya tano inaitaka mahakama itoe uamuzi wa maombi ya zuio papo hapo au ndani ya siku 30 baada ya kuzisikiliza pande zote, na jaji anayeshindwa anapaswa kuandika sababu, kumpelekea nakala Jaji Mkuu, na kupanga mara moja tarehe ya uamuzi. Sharti hilo linamtaka jaji ajieleze kwa maandishi kama anavyowataka wadaawa wajieleze. Tanzania ingefaa kulichukua, na kuongeza kwamba shauri lenye zuio lipangiwe tarehe zake zote za kusikilizwa siku zuio linapotolewa, na kwamba ukomo wa mwaka 1 usimguse mdai ambaye kumbukumbu za mahakama zinaonesha kuwa ucheleweshaji haukutoka kwake.

Jambo la mwisho ni uelewa. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa imeacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale inapolazimu. Hakuna amri inayostahili kuandikwa kwa Kiswahili chepesi kuliko zuio, kwa kuwa anayelivunja anaweza kupelekwa gerezani, na mtu hawezi kuitii amri ambayo hajui imemkataza nini, kuanzia lini na hadi lini. Amri iliyo wazi, yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, inayomfikia anayehusika ndani ya siku chache na inayofuatwa na shauri linalosonga mbele, humlinda mwombaji bila kumdhulumu aliyezuiwa. Na ikikosa sifa mojawapo kati ya hizo, mmoja wao atailipia, na mara nyingi atakuwa yule mwenye uwezo mdogo wa kusubiri.